Salio linasoma sifuri, na muamala wa bitcoin haujathibitishwa tangu Ijumaa

MchuuziWaVipuri, 23 Aprili 2024

Wanajukwaa, habari za jioni. Mimi ni mfanyabiashara wa vipuri vya simu hapa Kariakoo, na kwa mwaka mmoja na nusu sasa nimekuwa nikimlipa mwenzangu aliyeko Deira, Dubai, kwa bitcoin, kwa kuwa mzigo wake hauondoki mpaka fedha iingie. Mniwie radhi kwa kueleza kwa urefu. Nilikwisha kupewa ushauri wa haraka haraka mahali pengine, na naamini ndio ulioniongezea balaa.

Ijumaa ya tarehe 19, majira ya saa mbili usiku, pochi yangu ya simu ilikuwa na bitcoin 0.0465, zote zikiwa zimeingia kwa mkupuo mmoja kutoka kwa mteja. Nilimtumia mwenzangu 0.018. Programu iliponiuliza kiwango cha ada nilichagua cha chini kabisa, satoshi 9 kwa baiti (satoshi ni sehemu ndogo kabisa ya bitcoin, moja kwa milioni mia), nikakatwa satoshi 1,485, ambazo ni kama dola moja hivi. Nilijua zitachelewa, lakini nilitarajia zifike kesho yake.

Hazikufika. Jumamosi asubuhi programu ilionyesha kwamba salio ninaloweza kulitumia ni sifuri, wala si ile 0.028 na ushee niliyotarajia ibaki. Jumapili niliichukua namba ya muamala nikaitafuta katika tovuti ya mempool.space, nikakuta jambo lililoninyima usingizi: muamala una anwani mbili za kupokea. Ya kwanza ni ya mwenzangu, imeandikiwa 0.018. Ya pili inaanza na namba 3, sijawahi kuiona maishani mwangu, nayo imeandikiwa 0.02848515. Nikajua nimeibiwa. Mtu mmoja katika kundi letu la WhatsApp akaniambia niifute programu kabla mwizi hajarudi tena, nami nikaifuta.

Maneno yangu 12 ya kurejeshea pochi ninayo, nimeyaandika daftarini. Jana mpwa wangu aliniwekea Electrum, programu nyingine ya pochi, katika kompyuta ya dukani, tukayaingiza maneno, tukaweka alama kwenye kisanduku cha BIP39 (kanuni ya kugeuza maneno hayo kuwa funguo za pochi), na kila kilichofuata tukakikubali kama kilivyopendekezwa. Pochi ilifunguka bila kulalamika, ila salio ni sifuri na historia ni tupu, kana kwamba sijawahi kumiliki hata satoshi moja. Anwani ninazoziona humo zinaanza na bc1q, ilhali ile niliyokuwa nikimpa mteja ilianza na 3. Isitoshe, tovuti nyingine ya kutazama miamala inasema namba yangu haipo kabisa, wakati mempool.space bado inauonyesha muamala ukiwa haujathibitishwa.

Je, nimeibiwa au sijaibiwa? Na kama sijaibiwa, fedha ziko wapi? Mwenzangu ananipigia simu kila baada ya swala, na mzigo wa vioo umekaa kwenye maboksi.

Fundi_Funguo, 23 Aprili 2024

Ndugu Mchuuzi, pole sana. Kwa maelezo haya hujaibiwa, nami nalisema hilo kwa uhakika ingawa pochi yako sijaiona, kwa sababu hesabu yenyewe inajieleza. Yamekukuta mambo matatu yasiyohusiana, yakagongana katika wiki moja.

Tuanze na anwani usiyoifahamu. Hiyo ni yako. Sarafu iliyoingia katika pochi kwa mkupuo mmoja hutoka kwa mkupuo mmoja, kama noti. Ukinunua kitu cha shilingi elfu nne kwa noti ya elfu kumi, humchanii muuzaji kipande cha noti. Unampa noti nzima naye anakurudishia chenji. Wewe ulikuwa na noti moja ya 0.0465. Ulipolipa 0.018, noti yote ilikwenda, na chenji ikarudi katika anwani mpya ambayo pochi iliizalisha yenyewe ndani kwa ndani, na ambayo huwa haikuonyeshi unapobonyeza sehemu ya kupokea. Hebu piga hesabu: 0.0465, toa 0.018, toa satoshi 1,485. Unabaki na 0.02848515, tarakimu kwa tarakimu kama ulivyoinakili. Mwizi hana sababu ya kumlipa mwenzako kwanza ndipo ajichukulie kiasi kinacholingana na chenji yako mpaka satoshi ya mwisho. Salio lilisoma sifuri kwa sababu chenji hiyo ilikuwa imenasa ndani ya muamala usiothibitishwa, na baadhi ya programu hazihesabu fedha za namna hiyo mpaka ziingie kwenye bloku, yaani ukurasa mpya wa daftari la pamoja la bitcoin, na huko ndiko kuthibitishwa.

Sasa sifuri ya Electrum. Maneno 12, ambayo huchaguliwa katika orodha ya maneno 2,048, ni mbegu, na mbegu ileile huota matawi mbalimbali. Tawi la 44 huzaa anwani zinazoanza na 1, la 49 zinazoanza na 3, la 84 zinazoanza na bc1q, na la 86 zinazoanza na bc1p. Electrum iliwapendekezea la 84, mkakubali, ikaenda kutazama tawi ambalo hujawahi kulitumia na kuwaambia ukweli kwamba halina kitu. Jibu umeliandika mwenyewe uliposema kwamba anwani ya zamani ilianza na 3. Kwa hiyo unda faili jipya la pochi, ingiza maneno yaleyale kwa mpangilio uleule, weka alama ya BIP39, na ukifika kwenye ukurasa wa aina ya anwani chagua p2sh-segwit yenye njia ya m/49'/0'/0'. Ukurasa huohuo una kitufe cha kutafuta akaunti zilizowahi kutumika, nacho kinaweza kukumalizia kazi bila wewe kukisia. Ikiwa hapo pia patasoma sifuri, jiulize kama uliwahi kuweka neno la siri la ziada juu ya yale 12. Neno hilo, hata likikosewa herufi moja, hufungua pochi nyingine tupu bila kutoa onyo lolote, na nimekwisha kuwaona watu waliolisahau kwa miaka.

La tatu ndilo lenye mkasa. Usiku wa kuamkia Jumamosi tarehe 20, saa tisa na dakika tisa kwa saa zetu, ilichimbwa bloku ya 840,000, ile iliyoshusha zawadi ya wachimbaji, yaani wanaoandika bloku hizo, kutoka bitcoin 6.25 hadi 3.125. Bloku hiyohiyo ndiyo iliyofungua itifaki ya Runes ya kutengenezea tokeni juu ya bitcoin, watu wakagombania nafasi kama abiria wa jioni pale kituo cha mabasi cha Gerezani, na siku hiyo wastani wa ada ulivuka dola 100 kwa muamala mmoja. Wewe ulikuwa umejipanga foleni saa saba kabla ya hapo, ukiwa na dola moja mkononi.

Foleni hiyo haiko mahali pamoja. Kila nodi, yaani kila kompyuta inayoendesha mtandao wa bitcoin, ina ya kwake, na kwa mpangilio wa kawaida huitengea megabaiti 300. Ikijaa, miamala yenye ada ndogo kuliko yote hutupwa nje, na hata isipojaa, muamala uliokaa saa 336, yaani siku 14, huondolewa. Ndiyo sababu tovuti moja bado inauona muamala wako na nyingine inasema haipo. Hapa nakuomba uwe makini, kwa sababu kutupwa nje ya foleni si kubatilishwa. Muamala ulikwisha kutiwa saini, na yeyote mwenye nakala yake anaweza kuutangaza upya wakati ada zitakapopoa. Ukimtumia mwenzako malipo mengine kwa sarafu tofauti, halafu ule wa Ijumaa ukafufuka, utakuwa umelipa mara mbili. Malipo mapya yatoke katika sarafu ileile ya 0.0465. Sarafu moja haitumiki mara mbili. Mmoja ukishaingia kwenye bloku, mwenzake amekufa.

BintiKisauni, 23 Aprili 2024

Kaka Mchuuzi, maelezo ya Fundi ni sahihi, ila kuna mawili ambayo hakuyagusia na moja ambalo ningelisema kwa ukali zaidi yake.

Kwanza, kabla hujabadilisha chochote, angalia kama ule muamala wa Ijumaa ulitangazwa ukiwa na alama ya RBF, yaani ruhusa ya kubadilishwa kwa ada kubwa zaidi, mempool.space huonyesha alama hiyo katika ukurasa wa muamala. Ikiwa ipo, nodi ambazo bado zinaushikilia zitakubali mpya na kuuacha wa zamani. Ikiwa haipo, kwa mipangilio ya nodi ya sasa, Aprili 2024, nyingi kati ya hizo zitaukataa mpya, lakini zile zilizokwisha kuutupa wa zamani zitaupokea kama muamala wa kawaida, na hiyo inatosha maadamu mchimbaji mmoja miongoni mwao ataupata.

Pili, huenda mtu akakushauri umwombe mwenzako wa Deira aitumie ile 0.018 kabla haijathibitishwa, kwa ada nono itakayomvuta mzazi (muamala wako wa Ijumaa) pamoja na mtoto (muamala wake mpya). Ni njia nzuri, nimewahi kuitumia mwenyewe, lakini haifai kwa muamala ambao nodi zimekwisha kuutupa. Kwa programu za sasa, Aprili 2024, nodi hukagua ada ya mzazi peke yake kwanza, ikimwona hafikii kiwango humkataa, na mtoto asiye na mzazi hana pa kusimama.

La ukali ni hiyo kompyuta ya dukani. Ni nani wengine wanaoitumia? Maneno 12 yakishapigwa kwenye mashine ambayo vijana wa duka hupakulia miziki na kuingiza flashi za wateja, yahesabu kuwa yamekwisha kusomwa na mtu. Na hiyo Electrum mpwa wako aliitoa wapi? Desemba 2018 wezi waliendesha seva zao ndani ya mtandao wa Electrum. Mtu akijaribu kutuma fedha, seva ilimrudishia ujumbe wa hitilafu wenye maelekezo ya kupakua toleo jipya kutoka tovuti isiyokuwa ya waandishi wa programu, na waliofuata maelekezo hayo waliibiwa. Tovuti halisi ni electrum.org, na faili lake lina saini inayopaswa kukaguliwa kabla ya kulifungua. Muamala wa Dubai ukikamilika, tengeneza pochi mpya yenye maneno mapya kwenye kifaa ambacho hakishikwi na mwingine, uhamishie chenji yote huko.

Nassor_Forodhani, 23 Aprili 2024

Naomba kuuliza hapahapa kwa sababu tatizo langu linafanana na hili. Mimi nina USDT, tokeni ya thamani ya dola, katika anwani inayoanza na 0x. Nilituma mara moja kwa ada ndogo, haikwenda. Nikatuma nyingine mbili kwa ada kubwa, nazo hazikwenda. Je, mimi pia nisubiri siku 14?

Fundi_Funguo, 23 Aprili 2024

Hapana, Ndugu Nassor, wewe uko Ethereum, na huko hakuna noti wala chenji. Ni kama kitabu cha benki, ambapo kila muamala unaotoka katika anwani yako hupewa namba ya mfululizo. Wa kwanza ukikwama, wa pili na wa tatu hawaruki mbele yake hata wakilipa mara kumi. Tafuta namba ya mfululizo ya ule uliokwama, kisha utume muamala mwingine wenye namba hiyohiyo, ukijitumia mwenyewe ETH (sarafu ya Ethereum) sifuri, kwa ada inayouzidi wa kwanza kwa angalau asilimia 10. Pochi nyingi zina kitufe cha kuharakisha au cha kufuta kinachofanya kazi hiyohiyo. Hakikisha tu una ETH kidogo ya kulipia, maana ada hailipwi kwa USDT. Angalia pia ile miwili ya nyuma ilikuwa inakwenda wapi: njia ikifunguka itapita papo hapo, na kama uliituma kwa kurudia malipo yaleyale, ifute yote kwa namna hiyohiyo kabla hujamfungulia wa kwanza.

MchuuziWaVipuri, 24 Aprili 2024

Nawashukuru nyote. Jana usiku tulifuata maelekezo. Tulipochagua p2sh-segwit anwani ya kwanza kabisa katika orodha ilikuwa ile niliyompa mteja, mpwa wangu akaisoma kwa sauti herufi moja moja huku mimi nikifuatisha kwenye ujumbe wa zamani niliomtumia mteja. Ni yenyewe. Lakini kuna kioja: salio linasoma 0.0465 kamili, kana kwamba Ijumaa sikutuma kitu. Furaha niliyo nayo inanitia hofu. Je, ni halali kuigusa?

Kuhusu kompyuta, Dada BintiKisauni umenikamata. Programu tuliitoa electrum.org, lakini saini hatukuikagua, na vijana wawili wa duka wanaitumia mashine hiyo. Na tangu nilipoandika hapa jana nimepata ujumbe wa Telegram kutoka kwa mtu anayejitambulisha kuwa afisa wa huduma kwa wateja wa pochi yangu. Amenitumia kiungo cha fomu ya kile anachokiita uhakiki wa pochi, na fomu ina visanduku 12 vitupu.

BintiKisauni, 24 Aprili 2024

Kaka, visanduku 12 kwa maneno 12. Hata hakujisumbua kuificha nia yake. Usimjibu hata kwa matusi, kwa sababu akijua namba yako inajibu ataiuza kwa wenzake. Baada ya huyo atakuja mwingine atakayesema ana uwezo wa kurejesha bitcoin zilizopotea kwa malipo kidogo ya utangulizi. Hapa hapotei mtu kwa kutojua bei ya bitcoin. Anapotea kwa kuandika maneno yake mahali alipoombwa.

Fundi_Funguo, 24 Aprili 2024

Ni halali, ni yako. Seva ambayo Electrum yako imeunganishwa nayo ni miongoni mwa zilizoutupa muamala wa Ijumaa, kwa hiyo kwake noti yako bado haijatoka mfukoni. Kwa kuwa una noti moja tu, huna hata haja ya kuchagua sarafu: malipo yoyote utakayoyafanya kutoka pochi hii yataitumia hiyo hiyo na kuuziba ule wa zamani. Muulize kwanza mwenzako kama anwani yake ni ileile, umtumie 0.018, na safari hii usiweke ada kwa mazoea. Tazama kiwango kinachopendekezwa saa hiyohiyo unayotuma, uongeze kidogo, na uache alama ya RBF ikiwa imewashwa ili, ikibidi, uweze kuongeza tena. Muamala wako una kama baiti 165, kwa hiyo zidisha mwenyewe ujue utakatwa kiasi gani kabla hujatia saini.

MchuuziWaVipuri, 25 Aprili 2024

Ndugu zangu, umeingia. Niliweka satoshi 60 kwa baiti, jumla satoshi 9,900, ambayo ni zaidi ya mara sita ya niliyolipa Ijumaa lakini bado ni ndogo kuliko hasara ya mzigo kukaa bandarini siku moja. Ulikosa bloku ya kwanza, ukaingia ya pili, kiasi cha dakika ishirini na tano tangu nilipobonyeza. Chenji iliyorudi ni 0.028401, na safari hii nilipoona anwani nisiyoijua nilikwenda kuitafuta katika orodha ya anwani za chenji ndani ya Electrum, nikaikuta imekaa pale kwa utulivu.

Mwenzangu wa Deira ndiye aliyepata mshituko wa mwisho. Pochi yake ilikuwa inaendelea kuuonyesha ule wa Ijumaa, na wangu mpya ulipotangazwa, wa zamani ukapotea mbele ya macho yake. Alinipigia kabla sijaweka kikombe chini, akiniuliza kwa nini nimeyafuta malipo. Nilimsihi asubiri ukurasa ujifungue upya, naye akakaa kimya kwenye simu kama dakika nzima, kisha nikamsikia akimwita kijana wake wapakie.

Leo usiku naihamisha chenji kwenda pochi mpya niliyoitengeneza katika simu ambayo nimeinunua kwa kazi hiyo tu, na maneno nimeyaandika kwa kalamu karatasi mbili, moja inakwenda kwa mke wangu Tanga. Je, daftari la zamani nilichome moto?

BintiKisauni, 25 Aprili 2024

Usilichome, kaka. Mteja wako bado ana ile anwani inayoanza na 3, na siku atakapokulipa tena bila kukuuliza fedha zitakwenda huko huko. Mpe anwani mpya leo, umwambie aifute ya zamani, na hata hivyo lihifadhi daftari. Kila mwezi iangalie anwani hiyo kwenye mempool.space, kuitazama tu hakuhitaji maneno.